Nilipomwambia Dada Netiwaki Ni Mbaya

Andiko la kusoma nyumbani: Matendo 5:1–11, 1 Wakorintho 11:17–34, Mwanzo 29:1–10



Jumapili mbili zilizopita mchungaji alifundisha juu ya Anania na Safira, na baada ya ibada watu wengi walibaki nje wakibishana. Wengine walisema adhabu ile ilikuwa kali mno kwa makosa ya pesa tu. Wengine wakasema siku hizi Mungu angefanya vile, kanisa lingebaki na viti. Mimi sikubishana. Nilienda nyumbani moja kwa moja, kwa sababu lile neno lilinipata na jambo langu, na jambo lenyewe lilihusu ruta ya Wi-Fi. Najua kuna mtu atasema Wi-Fi si mambo ya madhabahuni. Asome kwanza. Na walionihusu katika habari hii wamenipa ruhusa niandike, ila mmoja aliomba nisitaje jina lake.

Swali langu ni hili: mwenye nyumba anayelipa intaneti, ana haki ya kumpunguzia mtu anayeishi chini ya paa lake? Na akishampunguzia, ana deni la kumwambia?

Kwetu tunalipia laini ya faiba ya megabiti 10 kwa sekunde. Tuko watu sita: mimi na mama watoto, kijana wetu wa chuo, binti wa sekondari, kitinda mimba wa miaka mitano, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Ukihesabu simu zote, TV, kompyuta ya kijana na ile tableti ya mtoto iliyopasuka kioo, tunapata vifaa tisa. Vyote tisa vinakunywa kwa bomba moja.

Jumatano jioni tuna ushirika wetu wa nyumbani kwa Zoom. Tulianza mwaka 2020 wakati makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na hatukuacha, maana wagonjwa na wale wanaofanya kazi mbali wanaupenda. Mimi ndiye huongoza somo. Mwezi wa pili mwaka huu picha yangu ikaanza kuganda. Naganda mdomo wazi, jicho moja limefungwa, sauti inapotea, halafu inarudi nikiwa nimeshafika sura nyingine. Ndugu mmoja akaandika kwa kikundi cha WhatsApp kwamba mzee amenyakuliwa, ametuachia picha. Watu walicheka. Mimi sikucheka sana.

Nikamwita kijana mmoja wa pale kwa mitambo ya kanisa, anayeelewa haya mambo. Alifungua kompyuta, akaandika zile nambari 192.168.1.1, akaingiza pasiwadi iliyobandikwa chini ya ruta, na hapo nikaona kitu sikuwa nimewahi kuona: orodha ya vifaa vyote vya nyumba yangu, na mbele ya kila kimoja kiasi kilichotumia. Kando kuna sanduku dogo. Ukiandika nambari hapo, kile kifaa hakitapita hiyo kasi hata kifanyeje, na mwenye simu haoni ilani yoyote. Ataona tu mambo yanaenda polepole. Kijana akanionyesha, akanywa chai, akaenda zake. Nikabaki peke yangu na ile orodha.

Sasa wacha niseme ukweli wote. Ile orodha haikumtaja dada kama mlaji mkubwa. Juu kabisa ilikuwa TV. Ya pili ilikuwa simu yangu mwenyewe, na sikuelewa kwa nini, nikaruka. Simu ya dada ilikuwa ya saba kati ya tisa. Nikaenda kwa sanduku lake nikaandika 256. Hizo ni kilobiti 256, yaani kama robo ya megabiti moja. Kwa kasi hiyo ujumbe wa maandishi unapita vizuri na sauti inaweza kupita ikijikaza. Simu ya video inakuwa picha ya vipande vipande, kisha inakatika.

Kwa nini yeye? Nimejiuliza mara nyingi. Kijana wa chuo angegundua kwa dakika tano na kuja kuniuliza. Binti angeenda kwa mama yake. Kitinda mimba angelia hadi majirani wajue. TV ni yangu ya taarifa ya saa moja. Dada ndiye peke yake katika nyumba ambaye hangeniuliza. Sikumchagua kwa sababu anatumia sana. Nilimchagua kwa sababu hana sauti. Ukitaka kujua ni nani unayemhesabu mdogo kwako, angalia ni nani unaanza kumpunguzia kitu kikiwa kidogo.

Dada ana mtoto wa kiume wa miaka sita anayeishi na nyanya yake huko nyumbani kwao, magharibi. Nyanya hana simu ya video. Jumapili jioni huenda kwa mwenye duka aliye jirani, anaazimwa simu, na saa moja mama na mtoto wanaonana. Hiyo ndiyo saa yao, hakuna nyingine kwa wiki. Mimi nilikuwa najua hivyo. Nilijua kama vile tunavyojua mambo mengi ya watu wanaotupikia, bila kuyafikiria.

Jumapili ya kwanza alikuja sebuleni akiwa ameshika simu. "Baba, leo netiwaki iko namna gani? Mtoto ananiona nusu."

Nikamwambia, "Netiwaki ni mbaya siku hizi, dada. Ni hao watu wa kampuni."

Kumbe uongo ni rahisi hivyo. Sikuupanga. Ulitoka kama mate.

Jumapili ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Akaanza kuamini ni simu yake imezeeka. Akaja kwangu, mimi huyu, akaomba shilingi 4,500 kwa mshahara wa mwezi unaofuata ili anunue simu nyingine iliyotumika. Nikampa. Hata nikamshauri achague yenye kumbukumbu kubwa. Ile ya zamani aliiuza shilingi 800. Na kwa vile kizuizi kilikuwa kimefungwa kwa ile simu ya zamani, simu mpya ikaingia kwa ruta kama mgeni asiye na rekodi, na Jumapili ile picha ikawa safi kama maji.

Mnakumbuka ushuhuda wake, baadhi yenu. Alisimama wakati wa shuhuda akamshukuru Mungu aliyempa simu, kwamba sasa anamwona mtoto wake uso wote. Kanisa likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya mbele na wazee wenzangu. Nikasema Amina. Kwa sauti.

Basi mchungaji alipofika pale Petro anapomuuliza Anania maswali, nilisikia tumbo linakaza. Mkisoma vizuri ile sura mtaona Petro hamlaumu kwa kubakisha sehemu ya pesa. Anamwambia shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mkononi mwake, afanye apendavyo. Hakuna aliyemlazimisha kuleta yote. Angeweza kuja akasema, ndugu, nimeleta nusu, nusu nimeweka kwa ajili ya watoto, na nina hakika angeombewa akaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Kilichomwangusha ni kutaka kubakisha na wakati huo huo kuonekana hajabakisha.

Hapo ndipo nilipata jibu la nusu ya kwanza ya swali langu. Wi-Fi ni ya anayelipa. Ana haki ya kuweka mpaka. Nasema hivi wazi kwa sababu kuna wapendwa wanadhani upendo ni kuacha kila kitu wazi, kila mtu achote atakavyo, na ukiweka kipimo wewe ni mchoyo. Haiko hivyo. Kitu cha watu wengi kisichokuwa na kipimo hakiwi cha wote, kinakuwa cha mwenye nguvu. TV inayoonyesha picha ya kiwango cha juu kabisa, ile wanaita 4K, inaweza kutaka megabiti 15 na zaidi peke yake. Kwangu zipo 10 tu. Simu ya video ya mama na mtoto inaridhika na megabiti moja hivi. Ukiwaacha hawa wawili washindane bila mpaka, unajua nani atashindwa.

Hata intaneti yenyewe iliwahi kufa kwa sababu hii, na habari yake ni tamu kuliko mifano mingi tunayotumia mimbarani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986, huko California, kulikuwa na njia ya kompyuta kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho hapo hapo Berkeley. Umbali wake hauzidi mita 400, kama kutoka hapa kanisani hadi stegi. Njia hiyo ilikuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla ikashuka hadi biti 40. Si elfu arobaini, arobaini tu. Hakuna waya uliokatika. Ilikuwa hivi: kila kompyuta ilikuwa inatuma, ikiona jibu limechelewa inatuma tena yale yale, na njia ilivyozidi kujaa ndivyo kila moja ilizidi kusukuma. Kila mtu anapiga kelele kwa sababu hasikiki, na hasikiki kwa sababu kila mtu anapiga kelele. Mnajua jam ya makutano ambapo taa zimezima na kila matatu imeingiza pua.

Mtu anayeitwa Van Jacobson, aliyekuwa akifanya kazi kwa ile maabara, alichunguza jambo hili na mwenzake Michael Karels, na mwaka 1988 dawa yao ikachapishwa. Hawakuweka polisi katikati ya njia. Waliifundisha kila kompyuta kwamba ikiona mzigo wake umepotea njiani, ijue njia imejaa, ipunguze mwendo wake yenyewe, halafu iongeze polepole ikiona nafasi. Kila mmoja anajizuia bila kuamriwa. Mpaka leo, simu uliyo nayo mfukoni inafanya hivyo mara nyingi kwa siku, na ndiyo sababu intaneti ya dunia inasimama. Kompyuta hazina Roho Mtakatifu, lakini kwa jambo hili zimetupita baadhi yetu.

Paulo aliona ile jam kule Korintho. Watu walikuja kwa chakula cha pamoja, na waliofika mapema wakala na kunywa mpaka wengine wakalewa, na waliochelewa wakakuta sahani tupu. Walimu wengi wa Biblia wanaeleza kwamba waliofika mapema walikuwa wenye nafasi, na waliochelewa ni watumwa na vibarua ambao hawakuwa na uwezo wa kuondoka kazini mapema. Ukiangalia nyumba zetu, ni vile vile. Dada anamaliza vyombo saa mbili usiku. Anapoketi na simu yake, sisi wengine tumekula megabiti tangu saa kumi na moja. Paulo anawaambia jambo la kawaida sana, kwamba wangojane. Hakuwaambia waongeze chakula. Nasema hivi kwa sababu wengi tukiona Wi-Fi ni polepole tunakimbia kulipia ya juu zaidi, 20, 40, na baada ya mwezi mmoja ni polepole tena, kwa kuwa wale wenye nguvu wameongeza ulaji.

Kwa hiyo mpaka si dhambi. Hata kizuizi kwa simu ya mtu fulani si dhambi. Binti yetu simu yake inafungwa saa tatu na nusu usiku, anajua, hapendi, na tumebishana naye mezani mbele ya wote. Hiyo ni malezi. Ya dada haikuwa malezi wala haikuwa ugawaji. Ilikuwa kunyang'anya, na nitawaambia kwa nini natumia hilo neno zito. Siku tuliyomwajiri, mimi mwenyewe nilimwambia masharti: mshahara ni kiasi hiki, chakula, pahali pa kulala, Jumapili ya kanisa, na Wi-Fi iko. Nikasema kwa majivuno kidogo. Yeye akahesabu hiyo Wi-Fi, maana kwake ilikuwa inaokoa pesa za bando kila wiki. Yakobo 5:4 inasema juu ya ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa kwamba unapiga kelele. Nilikuwa nimezoea kusoma mstari huo nikifikiria mabwana wa mashamba makubwa.

Ndiposa nikakumbuka kile kisima cha Harani ambacho Yakobo, yule mwana wa Isaka, alikikuta akienda kwa mjomba wake. Mdomoni mwa kisima kulikuwa na jiwe kubwa. Wachungaji wa kondoo walikuwa wamekaa wakingoja, na Yakobo akashangaa: mchana bado mrefu, si muwanyweshe mwende malishoni? Wakamweleza kwamba hawawezi mpaka makundi yote yakusanyike, ndipo jiwe livingirishwe. Jiwe lile ndilo ruta yao. Linazuia maji, ndiyo, lakini linazuia mbele ya watu wote, na linamzuia kila mtu kwa kipimo kimoja, hata mwenye kundi kubwa. Hakuna mchungaji aliyefika akaambiwa kisima kimekauka huku wenzake wananywesha nyuma.

Ila kuna jambo kwa ile habari ambalo halinipi amani, na sitalificha. Raheli alipotokea na kondoo za baba yake, Yakobo aliliviringisha jiwe peke yake. Hakungoja makundi mengine. Alikuwa na nguvu, na alimwona anayempenda. Biblia haimkemei. Najiona hapo, lakini upande mbaya: mimi pia nina nguvu ya kulifungua na kulifunga jiwe peke yangu, kwa sababu ninayo pasiwadi. Yakobo aliitumia nguvu yake kunywesha. Sijui wale wachungaji wengine waliwaza nini wakiangalia. Labda walinung'unika. Lakini angalau waliona.

Kuna wanaume watakaoniambia, mzee, umeongeza chumvi, ni Wi-Fi tu. Nimewasikia tayari. Mmoja aliniambia kwa nyumba yake amewapunguzia wote na hakuna anayejua, na nyumba ina amani. Nilimuuliza angefanya nini akigundua mwajiri wake amempunguzia mshahara kidogo kidogo na kumwambia ni serikali. Akanyamaza, akasema hiyo ni tofauti. Nafikiri tofauti ni kwamba ile ingekuwa yake.

Sasa mnisikilize sehemu ya aibu. Baada ya haya yote, picha yangu ya Jumatano bado ilikuwa inaganda! Nikamwita tena yule kijana wa mitambo. Alikuja siku ya Jumatano yenyewe, tukiwa katikati ya somo, akaangalia orodha. Akaniuliza, "Mzee, hii simu yako inapandisha nini?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba bomba la intaneti lina njia mbili, ya kushusha na ya kupandisha, na watu huangalia ile ya kushusha tu. Mimi huongoza Zoom kwa kompyuta ya kijana wetu na naweka simu yangu kwa chaji pale kando. Kumbe simu ikipata chaji na Wi-Fi pamoja, hapo ndipo inaanza kupandisha nakala za picha na video kwenda kwa hifadhi ya mtandaoni. Na mimi nilirekodi kesha la kuvuka mwaka karibu lote, na vikao vyote vya kwaya baadaye. Njia ya kupandisha ikijaa, si video tu inayoganda. Hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila unachoomba lazima ombi lake lipande kwanza, na ombi limekwama kwa foleni nyuma ya video zangu za kesha. Mwizi wa kasi katika nyumba yangu alikuwa mimi.

Mathayo 7 mnaijua, ile habari ya boriti. Sitaongeza hapo.

Halafu yule kijana akashuka na ile orodha akasema, "Na hii simu mmeifungia 256 kwa nini? Haipo tena, lakini sheria yake bado iko." Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi. Akaniangalia. Hakusema kitu mbele ya mgeni.

Hayo yote yalitokea siku nne kabla ya lile somo la Anania. Siku nne nilikuwa najua na sikusema. Nilifuta ile sheria na nikajiambia yameisha, hakuna aliyeumia, simu mpya anayo.

Jumapili ile baada ya ibada nilimwita dada sebuleni, mama watoto akiwepo. Nikamweleza kila kitu, hata 256. Alinisikiliza akiangalia meza. Nilipomaliza aliuliza, "Mama alijua?" Mama watoto akasema hapana, nimejua Jumatano. Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Ile simu yangu haikuwa mbaya."

Nikasema, "Haikuwa mbaya."

"Niliiuza mia nane."

Nilimrudishia zile 4,500, na hazikuwa za mkopo tena, na nikaongeza kwa zile Jumapili tatu, ingawa sikujua Jumapili moja ya mtoto ni shilingi ngapi. Nikamwomba msamaha. Alisema amenisamehe, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajamaliza kufikiria, na sikuidai zaidi ya hapo. Mtu akikusamehe leo usimlazimishe pia acheke leo.

Lakini swali lake la mwisho ndilo lilinifanya nimwendee mchungaji. Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni, akageuka. "Baba, sasa ule ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo?"

Nilimwambia hapana, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango. Baadaye niliona nimemjibu vibaya. Alikuwa ameshukuru kwa moyo wake wote, na mbinguni shukrani yake ilifika ilivyo, hilo naliamini. Lakini pia nilimfanya asimame mbele ya watu kumshukuru Mungu kwa kumwokoa kutoka kwa shida ambayo mimi ndiye niliiandika, na kumpa Mungu sifa kwa simu aliyoilipa yeye kwa jasho la mwezi mzima. Nililitumia jina la Bwana kuficha sanduku dogo la ruta. Uongo wa Anania ulihusu sadaka yake mwenyewe. Wangu uliingia kwa sadaka ya mtu mwingine. Mchungaji aliponisikiliza alisema nisiutangaze mimbarani, maana dada angeaibika kuliko mimi, ila nikiruhusiwa naye niandike hapa. Aliruhusu.

Kwa wale wanaotaka kujua tumefanyaje, kwa kifupi. Simu yangu inapandisha video zake usiku wa manane. TV tumeishusha kutoka kiwango cha juu hadi cha kawaida na macho yetu hayajaona tofauti kubwa. Yule kijana aliweka ruta isitumie megabiti zote 10 bali 9 na nusu hivi, ili foleni ikitokea itokee ndani ya ruta yetu ambapo inaweza kupangwa, na akawasha mpangilio wa zamu, ambapo kila kifaa kinapitisha kidogo na kumwachia mwenzake. Si ruta zote zina huo mpangilio, ulizeni kabla ya kununua. Pasiwadi ya ruta tuliibadilisha, na anayo mama watoto pia. Ile orodha inaonyesha pia ni nani yuko macho saa nane usiku na anatumia nini, na tumekubaliana hatuifungui kwa udadisi, tunaifungua tukiwa wawili na kukiwa na shida. Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume kwa sababu kuna mambo ya mtu wa nyumbani mwako ambayo kuyaona si ushindi.

Na karatasi imebandikwa kwa friji, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na binti, nani ana saa gani na mpaka wake ni upi, wangu ukiwa wa kwanza. Jumatano saa mbili usiku ni ushirika. Jumapili saa moja hadi saa mbili ni ya dada, na TV inazimwa, hata kama kuna taarifa.

Jumapili iliyopita kitinda mimba alilia kwa sababu ya katuni zake. Dada akamwita jikoni, akamweka kwa goti mbele ya simu, na watoto wawili wakaanza kuonyeshana meno. Yule wa kijijini amengoka mawili ya mbele. Nilisikia kwa mbali nyanya yake akiuliza huyo ni nani.